Oscar ya 2014 kwa Mizani ya Singida

Kwenye kibanda umiza, filamu hupimwa kwa risasi: zikilia nyingi, filamu kali. Mimi nina mizani yangu, na mwaka ninaopenda kuuweka juu yake ni ule wa tuzo za 86 za Oscar, zilizotolewa Hollywood tarehe 2 Machi 2014. Usiku ule waigizaji wawili wa ukanda wetu waliwania kwa pamoja: Lupita Nyong'o wa Kenya na Barkhad Abdi wa Somalia. Hukumu zote hapa ni zangu. Wa Dodoma na Tabora waandike zao.

1. Umati mkubwa kuliko wote

Watu wapatao milioni 43.7 walitazama hafla ile kwenye runinga Marekani. Sensa yetu ya 2012 ilihesabu Watanzania milioni 44.9. Ni kama nchi nzima, Kagera mpaka Mtwara, imekaa kutazama runinga, ikabaki milioni moja na ushei ya kuchunga ng'ombe. Kwetu ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri ya Jumatatu, kwa hiyo wengi tulikuwa tumelala.

Halafu ikaja selfi ya mshereheshaji Ellen DeGeneres na mastaa wake, Lupita akiwemo, na mdogo wake Peter akiwa amejichomeka katikati yao. Kabla hafla haijaisha, ilikuwa imesambazwa Twitter zaidi ya mara milioni mbili. Mkoa wa Singida kwa sensa ile ulikuwa na watu 1,370,637. Hata kama kila mmoja, mpaka kichanga cha Manyoni, angebonyeza mara moja, tusingefika!

2. Mzigo mzito kuliko yote

Katika 12 Years a Slave, Patsey, mtumwa anayeigizwa na Lupita, huchuma zaidi ya ratili 500 za pamba kwa siku. Ni kama kilo 227. Wakulima wa pamba wa Iramba na Mkalama hawahitaji maelezo. Wengine wachukue magunia mawili ya mahindi ya kilo mia, waongeze robo gunia, kisha wakumbuke kwamba pamba huchumwa kitumba kwa kitumba. Wanaume wanaochuma naye hawafikii hata nusu yake.

Lakini kilichompa tuzo, kwa jicho langu, hakina hata robo kilo: kipande cha sabuni. Patsey anarudi nacho mkononi kutoka shamba la jirani, bwana wake anafoka, naye anajitetea kwamba alichotaka ni kuoga tu. Isikilize sauti yake inavyopanda, inavyokatika, inavyopanda tena. Hiyo ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza, na siku moja kabla ya hafla alikuwa ametimiza miaka 31. Akawabwaga Julia Roberts na Jennifer Lawrence kwa mpigo. Filamu yenyewe ikatwaa Filamu Bora, ya kwanza iliyoongozwa na mtu mweusi, Steve McQueen, kufika hapo. Haki tupu.

3. Mruko mrefu kuliko yote

Zaidi ya watu 700 walijitokeza kwenye usaili wa filamu ya Captain Phillips kule Minneapolis. Jaza mabasi 11 ya viti 60, na bado kuna abiria wamebaki stendi ya Misuna. Sasa chagua wanne tu. Mmoja wao ni Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu, dereva wa magari ya kukodi, ambaye hakuwa amewahi kuigiza popote.

Meli iliyotekwa kwa kweli mwezi Aprili 2009 ikielekea Mombasa, Maersk Alabama, ina urefu wa mita 155. Ilaze kwenye uwanja wa mpira wa mita 105, itatokeza mita 50 nje ya goli. Kwenye filamu Abdi, akiwa haramia, anaidhibiti kwa macho na mabega membamba. Sentensi yake maarufu kuliko zote, ile ya kumtangazia nahodha kwamba ukapteni umehama, haikuwemo kwenye mswada. Aliitunga papo hapo. Uingereza walimpa BAFTA Februari ileile. Oscar ikaenda kwa Jared Leto, na hapo mimi na majaji tunaachana. Tena walimwacha kabisa Tom Hanks, nahodha mwenyewe, kwenye orodha ya waigizaji bora, licha ya dakika zile za mwisho anapotetemeka mbele ya daktari akiwa hawezi kujibu swali dogo. Kosa kubwa la mwaka!

4. Fungu dogo kuliko yote

Dallas Buyers Club ilitumia dola 250 kwa vipodozi vyote, ikashinda Oscar ya vipodozi na nywele. Kwa kiwango cha wakati ule ni kama shilingi 400,000. Kwa kuku wa kienyeji wa shilingi 10,000 mmoja, ni kuku 40 wa Singida. Gravity nzima iligharimu takriban dola milioni 100. Kuku wake hesabuni wenyewe.

5. Kapu tupu kuliko yote

Gravity na American Hustle ziliingia zikiwa na uteuzi kumi kila moja. Ya kwanza ikaondoka na tuzo saba, ya pili na sifuri. Kumi kwa sifuri! Sikuisikitikia: mawigi mengi, hadithi chache.

6. Ndefu kuliko zote

The Wolf of Wall Street, dakika 180: mechi mbili kamili pale uwanja wa Liti bila mapumziko. Gravity, dakika 91: mechi moja na dakika moja ya nyongeza, na ndiyo iliyonikausha koo.

7. Mkongwe kuliko wote

June Squibb wa filamu ya Nebraska aliwania akiwa na miaka 84. Mpinzani wake Jennifer Lawrence alikuwa na 23. Baina yao imepita miaka 61, mingi kuliko umri wa Muungano wetu, uliokuwa unakaribia kutimiza 50. Bibi huyu ningempa nafasi ya pili nyuma ya Lupita.

8. Subira ndefu kuliko zote

Hii ni yetu. Tanzania ilipeleka Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill kuwania Oscar ya filamu za lugha za kigeni mwaka 2001. Iliyofuata ni Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi, mwaka 2022. Miaka 21, chaguzi kuu nne, filamu mbili, na zote mbili hazikuingia tano bora. Hiyo ya Shivji ningeiingiza bila kupepesa macho.