V8: moteri ya nguvu, na wenye walilipa bei yake



Hapa kwetu Lubumbashi, ukisema «V8», mutu anafikiri palepale jeep ya mukubwa: vioo vyeusi, shofere mbele, na sisi wengine tunajipanga kandokando ya barabara. Juzi, kwa garaji ya mjomba wangu, mwanafunzi mumoja alisema V8 ni jina la gari. Mjomba akacheka: «Mutoto, hiyo ni moteri, hapana gari.» Nikaona niandike, juu ile moteri iko na historia yenye inatugusa hata sisi.

Kwanza, V8 ni nini? Moteri ya gari ndogo kwa kawaida iko na silendri ine, zimejipanga mustari mumoja. Katika V8 ziko munane: ine upande huu, ine upande ule, na pande zote mbili zinakutana chini kama herufi V, mara nyingi kwa pembe ya digri 90. Zote zinazungusha vilebrekeni moja. Ili silendri imalize kazi yake (kuvuta hewa na esansi, kuibana, kuiwasha, kutoa moshi), vilebrekeni inazunguka mara mbili, ni kusema digri 720. Gawanya 720 kwa 8, unapata 90. Kwa hiyo kila robo ya muzunguko kuna silendri moja inawaka. Njo maana nguvu inakuja bila kukatika. Na katika V8 nyingi za Marekani, kuna mahali silendri mbili za upande mumoja zinawaka moja nyuma ya ingine. Hapo njo inatoka ile sauti ya kunguruma.

Wazo lenyewe halikuzaliwa Marekani. Mufaransa Léon Levavasseur aliandikisha moteri ya V8 mwaka 1902. Cadillac ilianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1914, lakini kwa watu wenye feza. Mwaka 1932, Henry Ford aliiweka katika gari ya bei ya chini, moteri ya nguvu ya farasi 65. Kisha vita ya pili ya dunia, vijana walinunua zile Ford za zamani, wakatoa vyuma vyenye havina kazi, wakaongeza nguvu ya moteri, na kushindana mbio. Makampuni yakaona kama soko iko pale. Mwaka 1949, Oldsmobile ikatia V8 mupya ya farasi 135, yenye iliitwa Rocket, katika gari nyepesi. Mwaka 1955, Chevrolet nayo ikaleta V8 yake ndogo ya litre 4.3.

Lakini gari yenye ilifungua mulango kabisa ni Pontiac GTO ya mwaka 1964. General Motors, mwenye Pontiac, ilikuwa imekataza kutia moteri ya kupita karibu litre 5.4 katika gari za kadiri. Injinia John DeLorean na wenzake wakaona tundu katika ile sheria: ilisema juu ya moteri ya kawaida, haikusema juu ya vile mununuzi anaweza kuomba kwa kuongeza feza. Basi wakachukua gari ya Tempest, wakatoa moteri ya litre 6.4, farasi 325, kama kitu cha kuongeza. Sisi Wakongomani tunaijua ile akili: ni article 15 kabisa! Wakubwa walifikiri zitauzwa 5,000. Mwaka wa kwanza zikauzwa zaidi ya 32,000.

Kisha hapo ni mbio. Ford Mustang ilitoka katika mwaka ule ule wa 1964. Dodge Charger ya 1966 ilipata moteri ya Hemi, farasi 425. Camaro ikafuata na modeli ya 1967. Mwaka 1970, Chevelle ya litre 7.4 ikafikia farasi 450. Kijana wa kazi ya kawaida aliweza kuinunua kwa mukopo.

Sasa tuongee bei. Nyingi za zile gari zilikuwa na nguvu ya kukimbia kuliko nguvu ya kusimama: freni zilikuwa za ngoma tu. Aksidenti zikaongezeka, na makampuni ya asiransi yakapandisha bei kwa vijana. Tena, moteri yenye kubana sana hewa na esansi inagonga kama esansi si nzuri. Ili isigonge, walitia plombi katika esansi. Ile plombi ilitoka na moshi, na inaharibu ubongo wa mutoto. Mwaka 1970 Marekani ikatoa sheria kali juu ya hewa safi. Mwaka 1971 General Motors ikapunguza mubano wa moteri zake. Octoba 1973, inchi za Waarabu zikakatalia Marekani petroli. Pipa ikatoka karibu dolari 3 na kufikia karibu 12. Mwaka 1974, GTO ikakufa, na Mustang ya mwaka ule ikauzwa kwao bila V8.

Wandugu, hapa njo nilisimama kuandika kidogo. Esansi ya plombi, katika Afrika yetu ya kusini mwa Sahara, iliisha paka mwanzo wa 2006. Marekani walianza kuiacha zaidi ya miaka 30 mbele. Wengi kati yetu tulipumua ile moshi tukiwa watoto.

Mwisho wa 2023, Dodge ilisimamisha Challenger yake ya V8, na Charger mupya ikatoka ya umeme. Betri nyingi za gari za umeme zinahitaji kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka inchi yetu, katika Lualaba na Haut-Katanga. Mara hii hatuko tena wa mwisho kwa mustari, tuko wa kwanza. Lakini ni kwa kuchimba.

Mjomba anapenda bado sauti ya V8, na mimi pia, sitawadanganya. Lakini ninyi wenye kusoma polytechnique, kemia na sheria, wakati watawaonyesha gari mupya na hesabu ya farasi zake, muulize pia vumbi yake inabakia kwa nani. Mimi ninaandika TFC yangu juu ya ile ulizo.