Bunduki Hainunuliwi kwa Jina

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la bunduki la Marekani, kibaya hujitembeza kikiwa kimevaa joho la maneno, na joho linalopendwa mno ni lile la "kiwango cha kijeshi". Sisi tunaojishughulisha na taaluma ya lugha twajua kwamba neno laweza kubaki na heshima yake hata baada ya maana yake kumomonyoka. Katika biashara nyingine, mnunuzi aliyehadaiwa na neno hupoteza fedha. Katika hii, aweza kupoteza jicho, mkono au uhai.

Tuitazame AR-15, bunduki ya nusu otomatiki, yaani ile ambayo kila kifyatulio kinapovutwa hutoa risasi moja, kisha hujipakia nyingine yenyewe. Wengi hudhani kwamba herufi zile mbili zinamaanisha bunduki ya mashambulizi. La hasha! Zatokana na ArmaLite, kampuni iliyoibuni katika miaka ya 1950 na kuuza haki zake kwa Colt mwaka 1959. Colt ilianza kuwauzia raia mwaka 1964. Muda wa hataza ulipokwisha, viwanda vingi viliingia uwanjani. Leo umbo ni moja, lakini ubora unatofautiana kama usiku na mchana.

Jeshi lenyewe la Marekani liliwahi kuponzwa na maneno. M16, ndugu ya AR-15, ilipopelekwa Vietnam katikati ya miaka ya 1960, ilisifiwa kwamba haihitaji kusafishwa sana. Askari wengi hawakupewa vifaa vya kuisafishia. Baruti nayo ilikuwa imebadilishwa, ikaacha masizi mengi; na kwa kuwa chumba cha risasi hakikupakwa kromu, kilishika kutu katika unyevu wa msituni. Maganda yakang'ang'ania ndani, na wako askari waliouawa huku wakihangaika na bunduki zilizokwama. Mwaka 1967 kamati ndogo ya Bunge iliyoongozwa na Richard Ichord ilichunguza jambo hilo na kulaumu vikali. Kromu ikapakwa na vifaa vya kusafishia vikagawiwa. Dawa ilipatikana katika kipuri na utunzaji, si katika sifa.

Basi mnunuzi mwenye busara aulize nini? Kwanza, mtutu: umetengenezwa kwa chuma gani, na je, ndani umepakwa kromu au umekingwa kwa njia nyingine dhidi ya kutu? Kiwango cha jeshi chataja chuma cha aina ya 4150. Pili, komeo, ambalo hubeba kishindo cha kila risasi: je, ni la chuma cha Carpenter 158 au kinacholingana nacho, na je, lilipimwa kwa sumaku ili kufichua nyufa zisizoonekana kwa macho? Tatu, skrubu za kijibomba kinachopokea gesi juu ya komeo: je, zimegongwa kingo zisilegee? Zikilegea, gesi huvuja na bunduki hukwama. Nne, na hili ni la usalama hasa, chumba cha risasi: kimechongwa kwa risasi za 5.56 au za .223? Risasi hizo zafanana mno kwa sura, lakini kufyatua 5.56 katika chumba cha .223 kwaweza kuzidisha shinikizo kupita kiasi.

Ukiyatafakari maswali haya, utaona kwamba kila moja lina jibu linaloweza kuthibitishwa. "Kiwango cha kijeshi" peke yake hakithibitishi lolote, kwani muuzaji aweza kukitaja kwa ajili ya kipuri kimoja na kunyamaza kuhusu vingine kumi. Zaidi ya hayo, hata kinapotimizwa kikamilifu, kiwango hicho ni sakafu tu. Ni ubora wa chini kabisa ambao jeshi hukubali kupokea.

Wako watakaosema kwamba silaha bora zaidi ni ile isiyonunuliwa kabisa. Mjadala huo ni mzito na una mahali pake. Hata hivyo, palipo na sheria inayoruhusu mtu kumiliki bunduki, bunduki mbovu haimwongezei jirani yake amani. Humwongezea mmiliki hatari, na walio kando yake pia. Muuzaji akitaja sifa, mnunuzi na ataje kipuri. Akishindwa kujibiwa, na arudishe fedha zake mfukoni.