Imewashwa au Inawaka? Usimamizi wa Taa katika Programu ya Kuendeshea Reli za Mfano

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna taa zinavyosimamiwa katika JMRI, programu huria inayotumiwa kuendeshea reli za mfano kwa kompyuta. Hoja kuu ni kwamba kile ambacho programu hiyo hukiita taa si balbu, bali ni kumbukumbu ya amri iliyotolewa kwa balbu. Makala inaonyesha kuwa jozi za vitenzi vya Kiswahili, yaani kuwashwa na kuwaka, kuzimwa na kuzimika, hubainisha tofauti hiyo waziwazi, na kwamba mfasiri asiyeizingatia atampotosha mtumiaji.

1.0 Utangulizi

Reli ya mfano ni reli halisi iliyopunguzwa vipimo: ina njia, stesheni, madaraja, makutano ya reli na barabara, na treni zinazokwenda kwa umeme. Katika nchi za Ulaya na Marekani, ambako uraibu huu umeenea, reli kubwa za aina hii huunganishwa na kompyuta ili mtu mmoja aweze kusimamia mambo mengi kwa wakati mmoja. Miongoni mwa programu zinazotumika kwa kazi hiyo ni JMRI, iliyoandikwa kwa lugha ya Java na kuanzishwa na mwanafizikia wa Marekani, Bob Jacobsen. Programu hii inafahamika pia katika taaluma ya sheria. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho nchini Marekani, katika shauri la Jacobsen dhidi ya Katzer, iliamua kwamba masharti ya leseni huria yanaweza kulindwa kwa sheria ya hakimiliki. Kwa kuwa msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuchunguza jinsi dhana zake zilivyojengwa.

Dhana inayochunguzwa hapa ni taa. Ili kuepusha utata, makala itaandika Taa kwa herufi kubwa inapokusudia kitu kilichomo ndani ya programu, na taa kwa herufi ndogo inapokusudia balbu iliyopo mezani.

2.0 Taa ni nini ndani ya programu?

Katika JMRI, vitu vya reli huwakilishwa kwa aina mbalimbali. Kihisi ni kitu kinachopokea habari kutoka nje, kwa mfano kwamba treni imefika mahali fulani. Pointi, yaani mahali ambapo njia moja hugawanyika kuwa mbili, ni kitu kinachopelekewa amri. Ishara za kumwongoza dereva zina aina yake pekee, kwa sababu rangi ya ishara hubeba maana ya kiusalama. Taa imetengwa na hizo zote: ni ya kuangazia stesheni, nyumba, barabara au karakana.

Taa ina mambo matatu ya msingi: jina, hali na udhibiti. Hali kuu ni mbili, ya kuwashwa na ya kuzimwa, ambazo ndani ya msimbo huwakilishwa kwa namba 2 na 4. Panapokuwa na maunzi yanayoweza kupunguza mwanga, Taa huwa pia na kiwango cha ukali kati ya 0 na 1, na inaweza kuongezwa au kufifishwa polepole. Maunzi mengi, hata hivyo, hayajui ila kuwasha na kuzima.

3.0 Majina na mgongano wa anwani

Kila Taa ina jina la mfumo, ambalo hueleza inapopatikana. Katika jina CL1005, herufi C huonyesha kwamba maunzi ni ya mfumo wa C/MRI, L huonyesha kwamba kitu hicho ni Taa, na 1005 humaanisha biti ya 5 katika nodi ya 1. Jina linaloanza kwa IL ni la Taa ya ndani, isiyo na balbu yoyote, ambayo hutumiwa kama alama ya kukumbukia jambo katika mantiki ya uendeshaji. Pamoja na jina la mfumo, mtumiaji anaweza kuongeza jina lake mwenyewe, kama vile “Jukwaa la Kaskazini”. Inafaa picha na kanuni zote za uendeshaji zitumie jina hili la pili. Waya ukihamishiwa kwenye kadi nyingine, jina la mtumiaji huhamishiwa kwenye jina jipya la mfumo, na mengine yote hubaki kama yalivyokuwa.

Tatizo hutokea pale majina mawili yanapoelekea mahali pamoja. Katika mfumo wa LocoNet, Taa huwashwa kwa ujumbe uleule unaotumiwa kugeuza pointi. Hivyo Taa LL12 na pointi LT12 ni majina mawili ya anwani moja. Anayezima taa za stesheni kwa LL12 anaweza kumbe ameigeuza pointi, na treni ikaingia njia isiyokusudiwa. Programu humwonya mtumiaji anapoongeza Taa yenye anwani inayotumiwa na pointi, lakini onyo hilo halimfai asiyeelewa kwa nini taa na pointi zigombanie anwani. Kwa sababu hiyo, orodha ya anwani haina budi kuandaliwa kabla ya Taa ya kwanza kuundwa.

4.0 Udhibiti: nani anayewasha?

Taa inaweza kuwashwa na mtumiaji mwenyewe, au ikawekewa udhibiti wa kuiwasha kwa niaba yake. Udhibiti huo ni wa aina tano: kwa kihisi kimoja, kwa vihisi viwili, kwa saa ya kasi, kwa hali ya pointi, na kwa muda maalumu baada ya kihisi kuamka. Mbili kati ya hizi zinahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa zinapima wakati kwa mizani tofauti.

Saa ya kasi ni saa ya ndani ya programu inayokwenda mbio kuliko saa ya kawaida, ili siku nzima ya reli iweze kuigizwa kwa muda mfupi. Ikiwa kasi yake ni mara 6, saa 24 za reli humalizika kwa saa 4 za kawaida. Taa iliyopangiwa kuwashwa saa 18:00 na kuzimwa saa 23:00 itakaa dakika 50 tu kwa saa ya ukutani. Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana tahadhari yake pekee: jioni anayoiita saa kumi na mbili huandikwa 18:00, na akiandika 12:00 stesheni yake itaangazwa adhuhuri.

Udhibiti wa muda maalumu, kinyume chake, hufuata wakati halisi na hupimwa kwa milisekunde. Mtu anayetaka taa ya makutano iwashwe kwa sekunde 5 treni inapopita ataandika 5000, na kasi ya saa ya ndani haitabadilisha chochote.

Taa moja inaweza kuwekewa udhibiti zaidi ya mmoja, ila ruhusa hiyo itumiwe kwa uangalifu. Taa ya karakana inayotii saa ya kasi na kihisi kwa pamoja inaweza kumshangaza msimamizi, kwa kuwa haoni mara moja ni sababu ipi iliyoiwasha. Ni salama zaidi kila Taa iwe na sababu moja iliyo wazi. Aidha, mipangilio hii yote haina budi kuhifadhiwa kwenye faili kabla ya programu kufungwa. Isipohifadhiwa, kazi ya siku nzima hupotea.

5.0 Kuamriwa na kujulikana

Hapa ndipo penye kiini cha makala. Katika JMRI pointi ina hali mbili zinazotunzwa kando: iliyoamriwa na inayojulikana. Pointi ikifungiwa vihisi, programu hulinganisha hali hizo na kutambua kwamba amri imetolewa lakini reli haijageuka. Taa haina ulinganisho huo. Hali yake ni moja tu, nayo ndiyo iliyoamriwa. Balbu ikiungua au waya ukikatika, skrini itaendelea kuonyesha kama kwamba mambo ni shwari.

Kiingereza cha skrini hutumia neno moja fupi kwa amri na kwa matokeo. Kiswahili hakimlazimishi msemaji kuchanganya. “Taa imewashwa” ni kauli ya kutendwa: yupo aliyeiwasha, na sentensi haithibitishi kwamba mwanga upo. “Taa inawaka” hueleza kinachoonekana. Vilevile, “taa imezimwa” humtaja mtendaji bila kumwita jina, ilhali “taa imezimika” husema kwamba mwanga umetoweka bila kudai kuwa kuna aliyeuzima. JMRI inajua kuwashwa na kuzimwa. Kuwaka na kuzimika haivijui.

Kwa hiyo, mfasiri wa programu ya aina hii akiandika “inawaka” atakuwa ameahidi jambo ambalo kompyuta haina uwezo wa kulithibitisha. Tafsiri sahihi ni “imewashwa”. Neno “inawaka” lihifadhiwe kwa pale ambapo pamewekwa kihisi cha mwanga au cha mkondo wa umeme kinachoikagua balbu yenyewe. Kihisi hicho kitakuwa kitu cha pili, chenye jina lake, kando ya Taa.

Tofauti hii si ya mchezoni pekee. Katika reli halisi, saketi za ishara hupima mkondo unaopita kwenye taa ili chumba cha udhibiti kijue iwapo taa imeungua, kwani dereva anayekuta giza mahali pa ishara yuko hatarini hata kama amri ya kuiwasha ilitolewa ipasavyo.

6.0 Hitimisho

Makala imebainisha kwamba kusimamia Taa ni kusimamia majina, sababu na mipaka ya ujuzi wa programu. Anayepanga anwani mapema huepuka kugeuza pointi akidhani anazima taa. Anayeipa kila Taa sababu moja hupata haraka chanzo cha kasoro. Juu ya hayo, anayetofautisha kuwashwa na kuwaka hujua ni wakati gani aiamini skrini na ni wakati gani ainuke akaitazame balbu. Inapendekezwa kwamba wanaounda istilahi za kompyuta kwa Kiswahili wachunguze kauli za vitenzi kwa makini kama wanavyochunguza nomino, kwa kuwa katika mifumo ya udhibiti kauli ya kitenzi ndiyo inayomweleza mtumiaji kama anasoma amri au anasoma tukio.