Je, Wajua? Tope Hufungua, Lami Hufunga

Gari likikata kona huacha njia nne, si mbili

Mvua ikikatika, simama kwenye kona ya udongo pale Kinyala, Rungwe, mahali ambapo gari limetoka kupita, uhesabu alama za tairi. Utazikuta nne! Tairi za nyuma hazifuati za mbele. Hukata kwa ndani, kama mtoto anayepita njia ya mkato huku mama akizunguka shamba.

Kwenye duara moja, mbele huizidi nyuma kwa urefu wa gari zima

Chukua gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 3, ulizungushe duara moja kamili. Ekseli ya nyuma ikipita mita 5 kutoka katikati ya duara, itatembea mita 31.4, na ya mbele mita 36.6. Kwa tairi lenye mzingo wa mita 2.5, za mbele zinadai mizunguko miwili ya ziada. Hata kona kali ya kuingia barabara kuu, robo tu ya duara hilo, inadai nusu mzunguko. Ni kama gwaride linapogeuka: askari wa nje anavuta hatua ndefu, wa ndani karibu anakanyaga palepale.

Tope ni difu isiyouzwa dukani

Tairi la kulia na la kushoto hupatanishwa na difu, lile bakuli la chuma unaloliona ukichungulia uvunguni. Lakini kati ya mbele na nyuma, magari mengi ya kazi hayana difu yoyote! Ukiingiza fowili ili tairi zote nne zivute, transfa, yaani gia inayogawa nguvu, huzifunga propela mbili, ya mbele na ya nyuma, zizunguke sawasawa, kama watu wawili waliofungwa mguu kwa mguu. Kinachoziokoa ni utelezi: tairi husota kidogo, deni la ule nusu mzunguko likalipwa bila mtu kujua. Na utelezi Rungwe haukosekani, kwani zipo sehemu za wilaya zinazopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, mara tatu na ushee ya Dodoma. Tope tunalolilaani kila masika ndilo linalozilinda gia zetu. Ndaga fijo, asante sana, tope!

Gari laweza kujishika breki bila pedali kuguswa

Sasa gari lenye mzigo wa ndizi limepanda kutoka shambani, fowili ingali ndani, na dereva anakata kona kuingia lami ya Uyole–Kasumulu. Lami kavu haikubali tairi lisote. Usukani unakuwa mzito, gari linasita, tairi zinalia, na propela zinajipinda kama khanga inayokamuliwa. Mvutano huo usipopata pa kutokea, unaishia kwenye krosi na meno ya gia, na hapo ndipo gereji inapoanza kuhesabu. Ajabu kwangu ni kwamba chanzo si ubovu wowote: kila kipande kinafanya kazi yake vilevile kilivyoundwa, ila ardhi imebadilika ndani ya mita chache.

Rivasi hufungua kilichofungwa

Mara nyingi propela zikishajipinda, lever ya fowili hukwama, na kuivuta kwa nguvu hakusaidii. Rudi nyuma mita chache ukifuata kona ileile, na chuma kitajifungua kama kamba ya bembea iliyosokotwa kisha ikaachiwa. Lever itateleza yenyewe kwa vidole viwili.

Tairi lililolika hufunga gari hata barabara ikinyooka

Weka mbele tairi mpya na nyuma zilizoisha meno, zikipishana kwa milimita 8 za unene, kisha ingiza fowili. Kwa hesabu ya haraka, kila mzunguko utapishana kama sentimita 5, na kilomita moja ina mizunguko 400: hapo ni karibu mita 20! Ndiyo maana mafundi husisitiza tairi zote nne ziwe za saizi moja na zilike pamoja.

Trekta hufanya hivyo makusudi

Trekta nyingi za fowili zimeundwa tairi za mbele zikimbie zaidi kidogo kuliko za nyuma, ili zivute shambani badala ya kusukumwa. Zikifika lami, fowili hutolewa.

Dawa ya kwanza ya Land Rover ilifanana na ya baiskeli

Land Rover za kwanza, za mwaka 1948, ziliendesha tairi zote nne muda wote. Njia ya kwenda mbele iliwekewa kifaa kama kile cha gurudumu la nyuma la baiskeli, kinachokuruhusu kuserereka bila kupiga pedali. Tairi za mbele zikawa huru kukimbia zaidi kwenye kona. Mwaka 1970 ikaja Range Rover na difu ya tatu, katikati kabisa, ikizipatanisha mbele na nyuma hata kwenye lami kavu. Na wahandisi hawakusahau tope: difu hiyo wakaiwekea kufuli.