ADA ZA MIFUKO YA AKIBA YA UZEENI: HUKUMU NA HESABU ZAKE

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo:

Mkulima wa Masasi au Newala anaijua vyema tofauti baina ya bei ya mnadani na fedha inayomfikia mkononi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mkoani Mtwara mwaka 2007, korosho hupitia chama cha msingi, kisha chama kikuu, MAMCU kwa Masasi na TANECU kwa Newala, na njiani humo mna makato. Mifuko ya uwekezaji nayo ina makato yake, isipokuwa wengi hawayaulizi.

Suala hili linawagusa zaidi maimamu, walimu wa madrasa na wakulima, kwani hawana mwajiri wa kuwachangia pensheni. Kujiwekea akiba hakupingani na kumtegemea Allah. Nabii Yusuf (A.S.) aliwaelekeza watu wa Misri kuhifadhi nafaka katika miaka ya neema (Surat Yusuf, aya ya 47).

Kwanza, halali hutangulia ada. Mfuko unaoweka fedha katika hatifungani au amana za benki zenye riba hauhalaliki kwa kuwa ada yake ni ndogo. Kwa mfano, Mfuko wa Umoja, ulioanzishwa mwaka 2005 chini ya UTT, huchanganya hisa na hatifungani. Muislamu aulize fedha inawekwa wapi, na nani wanasimamia sharia katika mfuko huo.

Pili, hukumu ya ada yenyewe. Wanazuoni wametaja njia mbili. Katika mudharaba, ambayo vitabu vya Kishafii huiita qiradhi, msimamizi hupata fungu la faida, kama robo au theluthi. Wala haifai kumwekea kiasi maalumu cha fedha. Pasipo faida, hapati kitu. Katika uwakala wa malipo, yeye hulipwa ujira, hata mwaka wa hasara. Kwa hiyo ni sharti ujira huo ujulikane tangu mwanzo. Ada iliyofichwa ni gharari, na Mtume (S.A.W.) amekataza biashara ya gharari.

Tatu, aina za ada. Ipo ya kununua vipande, ipo ya kuviuza, ipo ya usimamizi ya kila mwaka, na yapo makato ya kutuma fedha kwa simu. Tuseme kila utumaji hukatwa shilingi 300. Atumaye 5,000 kila mwezi, kwa mwaka hukatwa 3,600 katika 60,000, yaani asilimia 6. Akituma zote mara moja baada ya msimu wa korosho, hata akikatwa 1,000, haifiki asilimia 2.

Ada ya kila mwaka ndiyo inayokula kimyakimya. Chukua shilingi 1,000,000 kwa miaka 20, na tukadirie, kwa mfano tu, ukuaji wa asilimia 10 kwa mwaka kabla ya ada. Ada ikiwa asilimia 1, mwenye fedha hupata takriban 5,604,000. Ikiwa asilimia 3, hupata takriban 3,870,000. Tofauti ni zaidi ya milioni moja na laki saba, nayo ni haki ya mzee na warithi wake.

Basi kabla ya kuweka fedha, uliza: Je, mfuko una leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana? Faida iliyotangazwa ni kabla ya ada au baada yake? Nikitoka mapema nitakatwa kiasi gani? Majibu yawe kwa maandishi, kwani Allah ameamrisha kuandikiana katika madeni (Al-Baqara, aya ya 282), na akiba ya miaka ishirini inastahiki uangalifu kama huo. Nanyi maimamu, wasomeeni waumini hesabu hii kabla ya minada kufunguliwa, fedha ingali haijatumika.

Wallahu a'lam.