Tovuti ya Biashara Ndogo na Milki ya Jina Lake

Wafanyabiashara wadogo wengi wa mwambao wetu, tangu washona kanzu wa Mombasa hadi wachongaji wa milango wa Lamu, siku hizi huonyesha kazi zao katika kurasa za Facebook na Instagram na kupokea maagizo kwa WhatsApp, na hapana ubaya wowote katika hilo, maana huko ndiko waliko wateja na gharama yake ni nafuu. Lakini jioni ya Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 2021, mitandao hiyo mitatu, ambayo yote ni milki ya kampuni moja ya Marekani, ilizimika duniani kote kwa muda wa saa sita hivi, na katika saa hizo mtu asiyekuwa na mahali pengine pa kuonekana hakuwa na duka, wala anwani, wala njia ya kumjibu aliyemwulizia. Hitilafu ile ilirekebishwa kabla ya kupambazuka, ila hali iliyodhihirika usiku ule ingali ipo: anayeweka tijara yake yote katika ukurasa wa kampuni nyingine anakaa hapo kwa hisani ya kampuni hiyo.

Watu wa Mombasa hawahitaji kufafanuliwa sana jambo hili, kwani katika mitaa kama Majengo wako wengi ambao nyumba ni zao, wamezijenga kwa jasho lao, ilhali ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine wanayemlipa kodi, na siku mwenye ardhi akibadili nia, kuta hazina la kuwatetea. Tovuti ni njia ya kutoka katika hali hiyo. Mwingereza Tim Berners-Lee aliubuni mfumo wa tovuti alipokuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti ya CERN, karibu na Geneva, na mwezi wa Aprili 1993 taasisi hiyo ikautoa kwa walimwengu wote bila malipo. Ndiyo sababu hata leo mtu hahitaji idhini ya kampuni yoyote ili afungue tovuti yake.

Jambo la kwanza, na kwa rai yangu lililo kubwa kuliko yote, ni jina. Jina hili, ambalo wataalamu huliita jina la kikoa, husajiliwa kwa wakala aliyeidhinishwa na hulipiwa ada kila mwaka, nalo hubaki kuwa lako maadamu unalipa. Ukisahau, muhula ukapita, mtu mwingine aweza kulichukua kwa halali. Kwa Kenya, majina yanayoishia kwa .ke husimamiwa na KeNIC, na biashara aghalabu huchukua .co.ke, kama ndugu zetu wa Tanzania wachukuavyo .co.tz. Lichague lililo fupi, lisilo na vistari wala tarakimu, ambalo ukilitaja kwa simu mara moja mtu wa upande wa pili ataliandika bila kukosea.

Na hapa ndipo penye dhuluma nyingi, ambayo mara nyingine hutendwa pasipo kukusudiwa. Fundi wa tovuti, kwa kurahisisha kazi yake, hulisajili jina la biashara kwa jina lake mwenyewe na kwa baruapepe yake mwenyewe, na mwenye duka, aliyelipa kila shilingi, hajui. Kisha fundi huhama, au hukosana na mteja wake, au hufariki, na jina lililokwisha kuandikwa katika risiti na mabango likawa halina wa kulifungua. Sharti basi jina lisajiliwe kwa jina la mwenye biashara, kwa nambari yake ya simu, na kwa baruapepe yake isiyotegemea jina hilo hilo, kwa kuwa siku jina litakapofungwa, baruapepe iliyojengwa juu yake nayo itafungwa, na hutaweza kupokea hata barua ya kukuonya.

Kupangisha nafasi katika seva, yaani kompyuta inayokaa macho usiku na mchana ili kurasa zako zionekane, ni kazi nyepesi. Programu ya WordPress, iliyoanza mwaka 2003, hupatikana bure na huwatosha wengi, na cheti cha usalama wa tovuti kimepatikana pasipo malipo tangu huduma ya Let's Encrypt ilipoanza kukitoa mwaka 2015. Anayekutoza fedha nyingi kwa cheti hicho muulize sababu.

Lililo gumu ni maneno. Tumchukue mchongaji wa Lamu. Mteja aliye Nairobi au Muscat hatafuti historia ndefu ya karakana wala sifa za jumla. Anataka kujua mlango ni wa mbambakofi au wa mvule, mfaa na kizingiti vimechongwa nakshi gani, bei huanzia wapi, arubuni ni kiasi gani na hulipwa vipi kwa M-Pesa, kazi huchukua majuma mangapi, na mlango huvushwaje hadi Mokowe ukapakiwe lorini. Yote hayo yaenea katika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nambari ya simu ianze na +254, kwa sababu aliye ng'ambo hawezi kuipiga inayoanza na sifuri, na iandikwe kwa maandishi ya kawaida, isifichwe ndani ya picha, ili mtu aiguse tu na simu ipige.

Kuhusu picha, nasihi yangu ni kuwaonea huruma wanaonunua bando. Simu za sasa hupiga picha yenye megabaiti 3 au zaidi, na ukiweka kumi za namna hiyo umemtoza mgeni wako fedha kabla hajaona bidhaa. Kila moja ipunguzwe hadi chini ya kilobaiti 200, nayo itaonekana vizuri. Na ukiweka fomu ya maagizo, uliza yale tu unayoyahitaji, kwani sheria ya Kenya ya kulinda data, ya mwaka 2019, yakuwajibisha kuzihifadhi habari za watu kama amana.

Kwa hiyo, ewe mwenye biashara, kabla hujampa fundi sehemu ya mwisho ya ujira wake, mtake akukabidhi maneno ya siri ya mahali jina liliposajiliwa, ya seva, na ya tovuti yenyewe, kisha ujaribu kuingia kote huko kwa mkono wako, yeye akiwapo, na uyabadili papo hapo. Usipoweza kuingia, kazi haijaisha, na fedha zisitoke.