Fosfofiliti: Fuwele Adimu Yenye Maji Ndani Yake

Fosfofiliti ni madini ya fosfeti yaliyofungamana na maji: kila sehemu mbili za zinki huambatana na sehemu moja ya chuma, mbili za fosfeti na molekuli nne za maji, ambazo si unyevu ulio juu ya jiwe bali ni sehemu ya umbo lake, kiasi kwamba karibu asilimia 16 ya uzito wake ni maji. Yalielezwa kitaalamu mwaka 1920 kutoka Hagendorf, jimbo la Bavaria nchini Ujerumani, ndani ya pegmatiti, yaani mwamba wa fuwele kubwa uliotokana na mabaki ya magma yaliyopoa mwishoni. Humo, maji ya moto yalimong'onyoa fosfeti za awali zenye chuma, yakakutana na zinki, na madini haya yakajijenga upya.

Hata hivyo, fuwele zake nzuri kuliko zote, za rangi ya buluu-kijani inayoangaza, zilitoka Cerro Rico, mlima wa fedha na bati ulioko Potosí, Bolivia. Ugumu wake ni kati ya 3 na 3.5 tu katika kipimo cha Mohs chenye ngazi 10, tena hupasuka kirahisi kwa tabaka, kwa hiyo kuichonga kuwa kito ni kazi ya hatari. Ajabu ni kwamba chuma cha kaboni cha kawaida kikitumbukizwa katika kimiminika cha fosfeti ya zinki kabla ya kupakwa rangi, huota utando wenye fosfofiliti hiyo hiyo, unaosaidia kuzuia kutu.